Kaniki ya Mama na Ndoto za Bibi

Nina hasira za karibu, wanaonijua watakuambia. Mtu akisema kwamba mwanamume huona mambo kwa akili na mwanamke kwa moyo, hata kama anadhani ananisifu, mkono wangu huanza kutafuta kitu cha kushika. Leo nimeshika kalamu. Hasira hiyo ina asili yake, na asili yenyewe ni njema kuliko hasira, kwa sababu niliipata kwa wanawake wawili ninaowashukuru mpaka kesho: mama yangu, na bibi mzaa baba. Walinilea katika kaya moja, magharibi ya Shinyanga, katikati ya miaka ya thelathini. Tulikuwa Wasukuma wa ng'ombe na mtama, na karibu maneno yote nitakayoyaandika hapa yalisemwa kwa Kisukuma. Kiswahili nilikipata baadaye, shuleni.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi hivi, hakuna aliyeandika. Baba alikuwa Geita, ambako wanaume wengi wa kwetu walikwenda kuchimba dhahabu, na habari zake tulizipata kwa midomo ya wapita njia tu. Kaya ilikuwa chini ya kaka yake, baba mkubwa wangu, mtu mrefu, mkimya, mwenye haki katika kila jambo alilolielewa. Ng'ombe wake na wa baba walilala zizi moja. Mambo ya ng'ombe yaliamuliwa na wanaume, jua likizama, wakiwa kwenye vigoda mbele ya zizi. Wanawake walipeleka ugali na maziwa mgando, wakapiga magoti, wakaweka, wakaondoka. Hakuna aliyetukataza kusikia, kwa hiyo tulisikia.

Kilichotutawala sote, wanaume kwa wanawake, kilikuwa mbung'o. Nzi yule akimuuma ng'ombe, ng'ombe hukonda huku anakula, manyoya humsimama, macho hutoa machozi, na mvua za kwanza humkuta amelala asiweze kuinuka. Kwa hiyo kila kiangazi mtemi aliita watu, na wanaume wakaenda na mashoka kukata vichaka ili mbung'o wakose kivuli. Ilikuwa kazi kubwa na ilitufaa, siibezi. Lakini kichaka kilichokatwa ni kuni zilizokwisha. Kila pori liliposogezwa nyuma, wanaume walitua mashoka yao wakapumzika, na wanawake wakaongeza mwendo. Mwaka ninaousimulia, mama alikuwa akitembea hadi pori la magharibi, njia ya kwenda kwa Wasumbwa na Runzewe, na kurudi na mzigo wa kuni jua likiwa utosini. Nilimfuata na kamba yangu ndogo. Wanaume wa kaya yetu walikuwa hawajaingia pori lile kwa miaka kadhaa, kwa kuwa hawakuwa na haja nalo.

Tulikwenda pamoja na jirani yetu, mjane mmoja mcheshi aliyeweza kumtania hata mtemi. Sasa, kabla ya kuondoka, baba alikuwa amemnunulia mama kaniki mpya mjini. Anayeijua kaniki anajua ilivyo ikiwa mpya: nyeusi tii, ngumu, inanuka rangi, na ukitoka jasho inakuchujia mabegani. Ya jirani ilikuwa imefuliwa na kuanikwa miaka mingi mpaka imepauka kama jivu la jana. Kila tulipoingia porini, mbung'o walimwandama mama. Walimkaa mgongoni na mabegani wakamuuma kupitia nguo. Jirani aliumwa mara moja moja tu, na hakuacha kumtania mwenzake kwamba ana damu tamu, kwamba mume wake alimlisha asali kabla ya kukimbilia Geita.

Siku ya kwanza mama alicheka. Siku ya pili hakucheka. Siku ya tatu, tulipofika kwenye mkwaju tuliozoea kupumzika chini yake, alimwambia jirani wabadilishane kaniki. Jirani alimtazama kama mtu aliyepigwa na jua, lakini alikuwa mtu wa kupenda vituko, akakubali. Walivua pale pale, hapakuwa na wa kuwaona ila mimi. Kabla mizigo haijafungwa, jirani alikuwa akijichapa mgongo kwa tawi na kumlaani mama na ukoo wake wote, na mama, ndani ya kaniki iliyopauka, alikuwa amesimama ametulia, anaangalia. Sijausahau uso wake. Haukuwa uso wa mtu aliyefurahi, ila wa mtu ambaye mlango umefunguka mbele yake.

Siku iliyofuata aliomba wabadilishane tena. Jirani akalalamika kwamba jambo limeshaonekana. Mama alisema mara moja inaweza kuwa bahati. Wakafanya hivyo siku nne, leo huyu, kesho yule, na siku zote nne nzi walifuata weusi wa nguo na wala hawakujali ndani yake kuna nani.

Baada ya siku chache walipita watu wa mbung'o, vibarua wa serikali waliokuwa wakizunguka kuhesabu nzi. Wawili walibeba kitambaa cheusi kilichotandazwa kati ya fito mbili, wengine walifuata na nyavu ndogo, na kila baada ya hatua kadhaa walisimama kunasa nzi waliotua kitambaani. Mama aliwapa maji, akauliza kwa nini kitambaa ni cheusi. Mmoja akamweleza kwa upole kwamba mbung'o hupenda kitu cheusi kinachotembea. Walipoondoka, mama alimgeukia jirani akasema kumbe na sisi ni watu wa mbung'o, ila hatujaandikwa kazi.

Basi kiangazi kikawa kikali. Majani ya karibu yakaisha, ng'ombe wakaanza kulamba ardhi, na ikasikika kwamba ng'ambo ya pori la magharibi kuna bonde lenye majani ya kufika magotini. Baba mkubwa hakuwa mtu wa pupa. Alituma vijana wawili wapite porini waangalie kama kuna mbung'o. Walikwenda alfajiri ya baridi, wamevaa shuka nyeupe za merikani kama wanaume wa kwetu walivyovaa, wakarudi kabla jua halijawa kali. Mbung'o wawili tu, walisema, na mmoja huenda alikuwa nzi wa kawaida. Hawakuwa waongo. Jioni ile ikaamuliwa ng'ombe wavuke baada ya siku mbili.

Mama alikuwa amepiga magoti kuweka bakuli la maziwa. Hakuinuka. Akaomba ruhusa ya kusema, na baba mkubwa akampa. Akaeleza yote, kwa utaratibu, kama anavyopanga kuni: kwamba vijana walipita wakati wa baridi, na nzi wa baridi hulala, kwamba walivaa nyeupe, kwamba yeye hupita jua likiwa limepanda, amevaa nyeusi, kwamba alibadilishana nguo na jirani siku nne, kwamba ng'ombe wetu wengi ni weusi. Alisema pori lina mbung'o wengi, ila hawajajionyesha kwa wanaume.

Wazee wawili waliokuwa wageni walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Yule mwingine akasema akili ni nywele, kila mtu ana zake, na za wanawake husukwa na wenzao. Baba mkubwa hakucheka. Alimjibu kwa sauti ya huruma, na huruma ile ndiyo iliyomuumiza mama kuliko kicheko.

"Mayu, hofu yako naielewa," alisema. Mayu ndiyo mama kwa Kisukuma, na kwa heshima huitwa hivyo kila mwanamke mwenye mtoto. "Mume wako yuko mbali, na ng'ombe wake ndio tegemeo lako. Moyo lazima uogope. Nenda kapumzike."

Nilimfuata jikoni. Alikaa mbele ya mafiga bila kuugusa moto. Baadaye aliniambia, na ameniambia mara nyingi tangu siku ile, kwamba alikuwa amempelekea shemeji yake sababu tano, na shemeji yake akazipokea zote kwa mikono miwili, akamrudishia woga. Hakumtukana. Alichukua mawazo yake akayaita moyo, na baada ya hapo hapakuwa na la kujibu, kwa sababu mtu akishaambiwa anaogopa, kila neno analoongeza ni woga mwingine.

Bibi alikuwa pembeni anatafuna kipande cha mchembe, kiazi kitamu kilichokaushwa, polepole kwa meno machache aliyobakiwa nayo. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, na katika kaya ile hakuna aliyeheshimiwa kama yeye, kwa kuwa aliota. Marehemu babu alimjia usingizini na kumwambia mambo: mwaka wa kupanda mapema, kisima kilichotaka kufukiwa, binti asiyefaa kuolewa kwetu. Asubuhi aliyasema mbele ya zizi, na wanaume wakayafuata bila ubishi, kwa maana aliyesema hakuwa yeye, alikuwa babu. Bibi akamsogelea mama akamwambia jambo hili ni jepesi. Aseme ameota. Aseme babu amesimama njiani na fimbo, nyuma yake wingu la nzi. Yeye mwenyewe atathibitisha kwamba naye ameona vivyo hivyo.

Mama alimuuliza kama kweli ameona.

"Mwanangu," bibi alisema, "nimewaotea hawa miaka arobaini. Nimeota njaa, nimeota mvua, nimeota wachumba. Usingizi wangu ni wa kuku. Sijawahi kuota hata panzi."

Mimi niliyekuwa nikiogopa kupita karibu na kigoda cha bibi kwa kuhofia babu, nilikuwa nimekaa hapo nasikia kwamba babu alikuwa ni bibi. Kila alilolisema alikuwa amelifikiri mwenyewe, ameliangalia, amelipima, halafu akalivisha shuka ya marehemu ili lipite mlangoni. Hakulisema kwa majuto. Alikuwa anampa mkamwana wake ufunguo, kama mtu anavyorithisha chungu kizuri.

Sitaki mtu afikiri ilikuwa rahisi kwa mama. Ng'ombe wa baba walikuwa ndiyo maisha yetu yote, pamoja na ng'ombe mweusi mwenye baka ambaye maziwa yake yalinilea mimi, na ndoto moja ya uongo ingewaokoa kabla ya asubuhi. Tena kulikuwa na upande mwingine wa kuogopesha. Mwanamke akijua jambo ambalo wanaume hawajalijua, na asiseme amelijulia wapi, watu hutafuta wenyewe, na kwetu walikuwa hawachelewi kulipata neno uchawi.

"Nikisema nimeota," alisema hatimaye, "mwaka ujao nikiona kitu kwa macho yangu, wataniambia nikalale kwanza."

Bibi alirudi kwenye mchembe wake. Nilidhani amekasirika, lakini nilipomtazama vizuri alikuwa anamwangalia mama kwa namna ambayo sikuwa na jina lake. Asubuhi, kwa mara ya kwanza ambayo watu waliikumbuka, wanaume walimuuliza kuhusu safari ya ng'ombe naye akawaambia hana ujumbe.

Siku ya kuvuka, mama aliondoka kabla ya kundi. Alivaa kaniki ya jirani, iliyopauka, na yake aliikunja akaibeba kichwani juu ya fito mbili alizozichonga mwenyewe. Nilimfuata. Tulipofika mahali njia inapoingia porini, aliweka mzigo chini akapiga magoti katikati ya njia. Jua lilikuwa limepanda. Tulisikia kengele za ng'ombe kabla hatujawaona.

Kwetu salamu hairukwi. Mwanamke akikupigia magoti akakuamkia, utasimama umwitikie, hata kama unakimbizwa na simba. Hizo heshima tulizofundishwa kwa kuchapwa, mama alizitandika njiani siku ile zikawa boma. Alimwamkia baba mkubwa kwa salamu ndefu, akauliza alivyolala, akauliza ng'ombe walivyolala, na baba mkubwa akasimama, na kundi likasimama nyuma yake, na vijana na wale wazee wawili wakasimama nyuma ya kundi wakinyoosha shingo.

"Baba, sikuombi uniamini," mama alimwambia. "Watu wa mbung'o wakipita na kitambaa cheusi, unawapisha. Shika ufito mmoja, nami nishike mmoja. Twende mpaka kwenye mkwaju turudi. Tusipoona kitu, nitakuwa wa kwanza kuwaswaga hawa ng'ombe."

Mzee mmoja akapaza sauti kwamba ile ni kaniki ya mwanamke. Mama alimjibu bila kugeuka kwamba ikiwa juu ya fito ni kazi ya serikali. Nimeicheka kauli hiyo miaka yote. Nguo ni ile ile, rangi ni ile ile, nzi ni wale wale. Ikiwa mgongoni mwa mwanamke ni aibu ya mwanamume kuigusa, ikiwa juu ya fito ni elimu.

Baba mkubwa alifikiri. Kisha akawaambia wengine wasubiri, akashika ufito.

Tukaingia, mama mbele, yeye nyuma, kaniki katikati yao imetandazwa, na mimi mkiani. Hatukuwa tumefika mbali nzi wa kwanza akatua. Kisha watano. Tulipofika nusu ya njia kaniki ilikuwa na madoa ya kijivu yanayotembea, mengine yanaruka na kutua tena. Baba mkubwa alikuwa akiwatazama nzi hao, halafu anatazama shuka yake nyeupe, ambayo ilikuwa na mmoja tu. Anatazama kaniki, anatazama shuka. Hivyo hivyo mpaka tukafika kwenye mkwaju. Hapo alitua ufito wake, akakaa juu ya mzizi, akasema jambo ambalo lilinifanya nimpende mpaka anaingia kaburini.

"Mara moja inaweza kuwa bahati," alisema. "Tuweke ya kwangu."

Hakujua kwamba mama alishayasema maneno hayo hayo mahali hapo hapo. Aliniamuru nigeuke, nami nikageuka, si sana. Alivua shuka yake nyeupe akaifunga kwenye fito. Na kwa kuwa mtu mzima hawezi kutembea uchi mbele ya shemeji yake, alijifunga kaniki. Baba mkubwa wangu, mkuu wa kaya, mwenye zizi, alitembea nusu ya njia ya kurudi amevaa kaniki ya mama yangu. Nyeupe ilibaki nyeupe. Yeye alirukaruka kama mbuzi aliyekanyaga siafu. Mama hakucheka hata kidogo, na najua ilivyomgharimu kwa sababu mabega yake yalikuwa yanatikisika. Kabla ya kutoka porini walisimama, wakarudishiana nguo, wakatandaza kaniki kwenye fito kama mwanzo, na hakuna aliyesema lolote kuhusu jambo hilo. Mama alilitunza mpaka baba mkubwa alipofariki. Mimi nimelitunza mpaka leo, na ninalisema kwa sababu ni sifa yake kubwa kuliko ng'ombe aliowaacha.

Alipotokea mbele ya wanaume alisema warudishe ng'ombe. Wakamuuliza kuna nini. Akasema mbung'o ni wengi, ameona mwenyewe. Hakusema nani alimwonyesha, na mama hakudai.

Nisipambe mambo. Kiangazi kile ng'ombe wetu walikonda kwa njaa, na ndama wawili walikufa. Siku ya ndama wa pili baba mkubwa hakuitikia salamu ya mama. Mama hakujua pa kupata majani; alijua tu pa kutopita. Lakini mvua ziliponyesha, ng'ombe waliobaki walisimama na kunenepa, na kaya nyingine ya karibu iliyovusha kundi lake kupitia pori lile ililia kila asubuhi kwa wiki nyingi. Mama alikwenda kuwasaidia kuchuna ngozi. Alirudi, akakataa kula.

Watu wakaanza kusema. Wengi walisema kwa wema. Walisema mkamwana yule ana mizimu, babu wa upande wake humwonyesha. Mwanamke mmoja alimletea shanga nyeupe za waganga na kuku, amtazamie habari za mwanawe. Angeweza kuzivaa zile shanga. Angepigiwa magoti na waliomcheka. Alirudisha shanga, akampa yule mama chakula, akamweleza tena habari za kaniki mbili na siku nne. Yule mama alisikiliza kwa adabu, akaondoka akiamini kwamba mizimu haitaki kujulikana. Mama alikaa mlangoni akasema kwamba waliomcheka walimnyima akili mara moja, na wanaomsifu wanamnyima mara ya pili.

Baba aliporudi kutoka Geita, na kikohozi na kaniki nyingine mpya, alikuwa ameshasikia uvumi njiani, uliotiwa chumvi na walioiona kaniki kwenye fito. Wakati wa chakula akamuuliza mama, mbele ya kaka yake, kama ni kweli alimvalisha mkubwa wake kaniki.

"Kwenye fito tu," mama alisema, na baba mkubwa akajikuna mgongo.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa mwanamke mzima, nilimsikia mwalimu mmoja msomi akieleza kwamba akili ya kweli haina mwili. Hujitenga na joto na njaa na damu, alisema, ndipo ikaona yaliyo kweli kwa wote. Na wanawake, kwa kuwa wamefungwa na mwili, wamepewa badala yake wepesi wa kuhisi. Alikuwa mtu mwema, na alivaa shati jeupe lililopigwa pasi vizuri. Nililitazama lile shati nikawaona wale vijana wawili wakirudi alfajiri kutoka porini. Walisema kweli ya nguo zao. Kosa lao lilikuwa kudhani hawajavaa kitu, kwamba pori lingejionyesha vile vile kwa kila mpitaji. Mama alijua amevaa nini. Aliianza hesabu yake na mgongo wake ulioumwa, lakini hakuishia mgongoni. Aliazima mgongo wa jirani, kisha kitambaa cha serikali, kisha shuka ya shemeji yake, mpaka jambo likasimama lenyewe bila kumtegemea yeye. Nilinyanyua mkono nikamweleza mwalimu yule. Alisema ni hadithi yenye kugusa moyo. Nilikaa chini nikashika ukingo wa dawati kwa nguvu zangu zote.

Lakini nilianza kwa kusema nashukuru, na nimebakiza shukrani iliyo kubwa.

Mwaka uliofuata ule wa mbung'o, habari zilifika kwamba shule moja ya misheni, si mbali na Kolandoto, inapokea wasichana. Baba na mama walitaka niende. Wazee wa ukoo hawakutaka, na kila mmoja alikuwa na ya kwake: nitapotea, nitakuwa mvivu wa jembe, sitapata mume. Baba mkubwa hakuwa amesema upande wake. Walikaa mbele ya zizi, na mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya ghala la mtama, kwa maana maisha yangu yalikuwa pale kati ya vigoda. Mwishowe, kama ilivyokuwa desturi mambo yakikwama, wakamwita bibi. Wakamuuliza marehemu amesemaje.

Bibi alikuja na kigoda chake. Alikaa. Alichukua muda mrefu kupanga nguo yake magotini, na wote wakainamisha vichwa kungoja ndoto.

"Sijaota kitu," alisema. "Nimefikiri."

Mzee mmoja aliinua kichwa akamtazama kama mtu aliyesikia kigoda kikizungumza. Mama, aliyekuwa amepiga magoti na bakuli mkononi, hakuliweka chini wala hakuondoka. Wote walimgeukia baba mkubwa. Naye aliangalia ardhi, kisha akamwangalia mama yake mzazi, mtu ambaye miaka yote alimsikiliza kwa aliyoyaota tu.

"Haya, mayu," alisema. "Tuambie ulivyofikiri."

Bibi akasema. Alisema siku ile ya pori aliniita akanihoji, akanihoji tena baada ya wiki, na tena baada ya mwezi, na mara zote tatu nilimpa habari ile ile kwa mpangilio ule ule, sikuongeza hata nzi mmoja. Alisema watu wazima wawili waliokuwapo siku ile, alipowahoji vivyo hivyo, walishindwa. Tena, alisema, yupo pale mtu anayejua kama lipo lisilotakiwa kusemwa, na kwamba sikulisema. Baba mkubwa alikohoa. Mtu asiyeongeza nzi, bibi alimalizia, apelekwe akafundishwe kuandika, ili siku moja ukoo huu uwe na jambo lililowekwa kama lilivyokuwa.

Walibishana mpaka maziwa yakaisha, lakini walibishana na sababu zake, moja baada ya nyingine, naye akawajibu moja baada ya nyingine kwa meno yake machache. Mwishowe baba mkubwa akasema nipelekwe.

Asubuhi nilikwenda kumwamkia bibi. Nilimkuta bado amelala, jambo ambalo halikuwahi kutokea, jua limeshaingia mlangoni. Nilikaa karibu na kichwa chake nikangoja. Alipofumbua macho alinitazama kwa muda kama mtu anayerudi kutoka mbali, kisha akaniambia amelala fofofo na ameota. Nikamuuliza ameota nini.

"Panzi," alisema.